Mgonjwa wa Akili Naye Ana Neno Juu ya Tiba Yake

Mtu akifanya jambo la ajabu mtaani hapa Dar es Salaam, wenzake humwambia kwa mzaha kuwa anafaa kupelekwa Mirembe. Unguja watataja Kidongo Chekundu, na Nairobi watataja Mathari. Hospitali zilizowekwa ili watu wapate nafuu zimegeuzwa matusi ya vijiweni. Ndani ya mzaha huo limejificha wazo lililotudhuru kwa muda mrefu, nalo ni kwamba mtu akishaugua akili, kauli yake haina uzito tena. Atasema mganga, atasema mwuguzi, watasema baba na kaka; mwenye maradhi atakaa pembeni akingojea kuambiwa.

Ndugu msomaji, wazo hilo limeanza kupingwa, na waliolipinga kwanza ni wagonjwa wenyewe. Mwaka 1997, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, kikundi cha watu walioishi na maradhi ya akili kilikutana pamoja na mwalimu wao, Mary Ellen Copeland, aliyekuwa ameugua pia. Waliulizana swali jepesi: siku ninapokuwa mzima, huwa nafanya nini? Kutokana na majibu yao uliundwa mpango ambao kila mtu hujiandikia mwenyewe. Ndani yake huandika mambo ya kila siku yanayomweka sawa, mambo yanayomchokoza, dalili za mwanzo za kurudiwa na ugonjwa, na namna anavyotaka kusaidiwa akizidiwa.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Manzese mwenye skizofrenia, yaani maradhi yanayomfanya mtu asikie sauti wasizosikia wengine, au ashike imani zisizo na msingi. Fundi huyu anajua, kuliko mganga yeyote, kwamba kabla ya kuzidiwa hukosa usingizi siku tatu, huacha kula na wenzake, na huona redio ya jirani inamsema. Nyumbani hudhaniwa kuwa amepata kiburi tu. Wanapotanabahi, ameshakimbia usiku, vitambaa vya wateja vimepotea, na sifa ya kazi yake imeharibika. Ugonjwa ulidumu wiki chache, lakini riziki iliyopotea itamchukua mwaka mzima kuirudisha.

Laiti angaliandika mapema. Mpango wake ungaliweza kusema: nikikosa usingizi siku mbili, dada anipeleke kliniki, aitwe mjomba, asiitwe jirani fulani, dawa ile iliyonikakamaza shingo mganga aambiwe, cherehani na vitambaa vitunzwe na fundi mwenzangu. Huenda mtu akauliza, mgonjwa asiyekubali kwamba anaumwa atapangaje? Jibu ni kwamba mpango huandikwa siku ambazo akili imetulia, ili useme kwa niaba yake siku ambazo hawezi kujisemea.

Je, mipango hii ina faida iliyopimwa? Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika jimbo la Ohio kwa watu 519 wenye maradhi makali ya akili. Waliogawiwa kwa bahati nasibu kujifunza mpango wa Copeland walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki nane, wakifundishwa na watu waliowahi kuugua kama wao. Ikilinganishwa na wenzao waliobaki na huduma za kawaida, dalili zao zilipungua zaidi, na matumaini yao yaliongezeka.

Upo pia mpango mwingine wa Marekani, uliotungwa na wataalamu wakiongozwa na Kim Mueser, ambao hufundishwa na wahudumu wa afya kwa miezi kadhaa. Mgonjwa hujiwekea lengo lake, liwe kurudi kazini au kulea watoto wake. Kisha hujifunza habari za ugonjwa, matumizi ya dawa, madhara ya pombe na njia za kuzuia kurudiwa. Ulipojaribiwa nchini Israeli, matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kuwa wagonjwa waliujua ugonjwa wao vizuri zaidi na walisogea karibu na malengo yao. Hata hivyo, msaada waliopata kutoka kwa watu wao haukuongezeka.

Jambo hilo la mwisho latuhusu sana. Kwetu mgonjwa huishi na jamaa zake, na mara nyingi nauli ya kwenda kliniki hutoka mfukoni mwa mama au dada. Tanzania ilitambua hilo mapema: mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 vilianzishwa vijiji ambamo wagonjwa waliishi na kulima, wengine pamoja na jamaa zao. Katika miaka ya karibuni, mpango uitwao Kuwezeshana Kupata Uzima, kwa kifupi KUPAA, umejaribiwa Muhimbili na Mbeya, ukiwahusisha kwa pamoja mgonjwa na ndugu anayemtunza. Nao watu waliopata nafuu wamefunzwa kuwasaidia wagonjwa wenzao huko Butabika, Kampala, na hapa Dar es Salaam pia.

Kuiingiza mipango hii katika huduma zetu kwahitaji mambo matatu. Kwanza, mwuguzi apewe muda wa kusikiliza, kwani mpango hauandikwi katika dakika tano za kugawa dawa. Pili, waliopona wanaofundisha wenzao walipwe kama wafanyakazi wengine. Tatu, mpango ukishaandikwa uheshimiwe. Karatasi inayofungiwa kabatini ni udanganyifu, na mgonjwa atautambua upesi.

Tahadhari nayo ni muhimu. Kujisimamia si kuachwa peke yako. Mpango haushiki nafasi ya dawa, wala serikali haiwezi kuutumia kama kisingizio dawa zinapokosekana zahanati. Mgonjwa aliyeandika kwamba atakwenda kliniki dalili zikianza, lazima aikute kliniki iko wazi.

Sisi majumbani tunaweza kuanza leo, bila kungoja wataalamu. Mwenye jamaa aliyepata nafuu amkalishe chini jioni moja yenye utulivu, amwulize: "Ukianza kuumwa, huwa unaona nini kwanza? Ungependa nifanye nini?" Kisha anyamaze, asikilize. Pengine itakuwa mara ya kwanza kwa mtu huyo kuulizwa tangu alipougua.