Msanii ni mtu wa kazi gani?

Kwetu mtoto akisema anataka kuchora, bazazi banamuuliza: "Utakula nini?" Mimi pia, na lisansi yangu ya agronomia, nilikuwa nawaza hivyo: msanii ni mtu aliyekosa kazi.

Kundi moja la Lusanga, katika jimbo la Kwilu, lilinigeuza mawazo. Zamani Lusanga iliitwa Leverville, ju ya kampuni ya Lever iliyokuja kutafuta mawese tangu 1911. Faida ilienda Ulaya, udongo ulichoka. Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba wakaanza kundi la CATPC. Wanafinyanga sanamu kwa udongo wa kwao, halafu zinatolewa upya kwa kakao na mafuta ya mawese, zinauzwa ng'ambo. Mwaka 2024 wakaonyesha kazi yao Venezia, katika nyumba ya Uholanzi.

Na feza? Hapa njo nilishangaa. Wananunua tena ardhi, wanapanda miti na chakula pamoja. Kila agronome anajua: zao moja tu, miaka na miaka, linamaliza udongo. Sisi tulisoma hilo darasani. Wao wanalitengeneza kwa sanamu.

Tusidanganyane, bado wanategemea mnunuzi wa mbali. Lakini msanii wa leo njo huyo: anaonyesha kilichofichwa, anauliza nani anakula faida.

Basi mdogo wako akishika penseli, usimcheke. Jiulize kwanza: diploma yangu imerudisha nini kwenye udongo wa kwetu? Mimi ningali natafuta jibu.