Kurasa za Mwongozo Zibanwe kwa Njia Ipi?

Kwa kawaida, ukurasa wa mwongozo unaosomwa kwenye Linux kwa amri ya man huwa umehifadhiwa diskini ukiwa umebanwa. Sera ya Debian inataka ubanwe kwa gzip, kiwango cha 9. Programu hiyo ilitoka mwaka 1992, na tangu hapo zimekuja bzip2, xz na zstd, ambazo kwa faili kubwa huishinda waziwazi. Mbona basi gzip haijaondolewa?

Sababu ni udogo wa kurasa zenyewe. Mbinu zote hizi hunufaika na maneno yanayojirudia. gzip hutazama nyuma kilobaiti 32 tu, ilhali xz kwenye kiwango chake cha juu hukumbuka hadi megabaiti 64. Lakini ukurasa wenye kilobaiti 8 unaenea wote ndani ya upeo wa gzip, kwa hiyo kumbukumbu hiyo kubwa ya xz haina cha kukumbuka.

Halafu kuna diski, na hapa ndipo hesabu za wengi zinapokosewa. Mfumo wa faili wa ext4 kwa kawaida hugawa nafasi kwa vipande vya baiti 4,096. Ukurasa mmoja ukibanwa hadi baiti 1,500 kwa gzip na 1,400 kwa mbinu nyingine, kila mmoja utachukua kipande kizima, hujaokoa chochote. Usilinganishe kwa ls -l, linganisha kwa du, maana ndiyo inayoonyesha nafasi iliyoliwa kweli.

Nyaraka nyingi zinazosafirishwa pamoja ni suala jingine kabisa. Ukibana kurasa elfu moja, mmoja mmoja, kisha ukazifunga kwenye kifurushi, xz haitaweza tena kuona kwamba maneno ya leseni ni yale yale katika kila ukurasa. Zifunge kwanza kwa tar zikiwa wazi, ndipo ubane furushi zima. Anayepakua kwa bando ataiona tofauti.

Kwa kurasa zinazokaa kwenye kompyuta ya mtumiaji, mimi nabaki na gzip. zcat na zgrep, amri za kusoma na kutafuta ndani ya faili za gzip, zipo karibu kila mahali, na mfumo ukiharibika, nyaraka ndizo zinazohitajika haraka. Tumia gzip -9n: herufi n huacha kuhifadhi jina na saa ya faili, ili kifurushi kikijengwa upya kesho, baiti zake zisibadilike kwa sababu ya saa tu.