Mizani ya Mchezo Si Mizani ya Historia

Vijana wetu wengi hukesha mbele ya kompyuta wakitawala dola za kubuni. Siyo michezo ya kufyatua risasi pekee. Ipo pia ile ya mikakati mikubwa ya vita, ambamo mchezaji huwa mkuu wa nchi, akatoza kodi, akajenga viwanda, akaunda majeshi na kuchagua aina ya serikali. Watu wazima aghalabu huipuuza. Mimi naiona kuwa ni darasa la siasa lisilo na mwalimu, na kwa hiyo yafaa tuyachunguze yafundishwayo humo.

Mbunifu wa mchezo hukabiliwa na tatizo la haki. Iwapo serikali ya aina moja itazishinda nyingine kwa kila jambo, wachezaji wote wataichagua hiyo, na mchezo utachusha. Hivyo basi kila serikali hupewa neema na nakama yake. Katika Civilization, mchezo wa Sid Meier uliotolewa mwaka wa 1991, demokrasia hustawisha biashara na kufuta ufisadi, lakini raia hununa majeshi yatokapo mijini, na seneti humzuia kiongozi kuvunja amani. Utawala wa kiimla huzalisha haba, ila hupigana bila kuulizwa. Hearts of Iron IV, uliotolewa mwaka wa 2016 na unaohusu Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nao hufuata njia hiyo: nchi ya kidemokrasia hubanwa isianzishe vita kwa wepesi, ilhali ya kifashisti huachiwa uwanja mpana.

Sisi wanaisimu tunaifahamu kanuni ya namna hii. Nomino ikishakuwa ya ngeli fulani, kitenzi na kivumishi havina budi kuifuata. Mchezoni, jina la serikali ndilo nomino, na uchumi wote hupatanishwa nalo. Historia, hata hivyo, haina sarufi nyoofu kiasi hicho.

Tuvitazame vita vyenyewe. Mwaka wa 1944 Marekani iliunda ndege zaidi ya 90,000. Ujerumani ya Hitler iliunda takriban 40,000. Ni kweli kwamba Marekani ilikuwa na watu wengi zaidi na mafuta tele, na viwanda vyake havikufikiwa na mabomu. Ni kweli pia kwamba Muungano wa Kisovieti, uliotawaliwa kwa mkono wa chuma, uliishinda Ujerumani kwa wingi wa vifaru. Jina la serikali pekee, basi, halikuamua. Lakini itazame seneti. Mwaka wa 1941 Seneti ya Marekani iliunda kamati chini ya Harry Truman, nayo ikafichua ubadhirifu na bidhaa mbovu katika kandarasi za kijeshi. Maswali yake hayakuzuia vita. Yaliokoa fedha za kuvipigania. Huko Berlin, nani angethubutu kuuliza?

Na tuipime Uingereza, ambayo mchezoni huitwa demokrasia. Mwaka wa 1944 askari wa King's African Rifles, wakiwamo Wakenya, walipigana Burma kwa ajili ya dola ambayo haikuwapa kura. Oktoba mwaka huo huo ndipo Eliud Mathu alipokuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Naye aliteuliwa, hakuchaguliwa. Neno moja lilifunika serikali mbili: ya London iliyopigiwa kura, na ya Nairobi iliyoamrisha.

Sisemi michezo hii ipigwe marufuku. Mizani ni lazima ili mchezo uwe mchezo. Hofu yangu ni kijana atakayetoka humo akiamini kwamba uhuru ni anasa ya wakati wa amani, na kwamba siku ya dhiki mwenye kuuliza ni kikwazo. Kauli hiyo si ngeni masikioni mwa Wakenya. Ilivuma enzi za chama kimoja, hadi kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa Desemba 1991.

Mzazi mwenzangu, usimzimie mwanao kompyuta. Keti kando yake, umwulize: katika nchi hiyo unayoitawala, nani hukagua hesabu zako?