Kimya cha Injini

Atokaye Baraka kwenda Fizi huacha ufuko wa Ziwa Tanganyika na kuipanda milima. Hapo ndipo nguvu ya gari hujulikana.

Dereva mmoja kijana alikuwa na Land Rover kuukuu, yenye injini ya petroli ya lita 2.25, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958. Injini iligonga-gonga, naye akaona haya mbele ya abiria. Akatwaa bisibisi, akakaza skrubu za juu hata sauti ikakoma. Alifurahi kweli! Majuma machache baadaye, gari likiwa limempakia mama mja mzito, lilishindwa kilima. Ilibidi wanaume wanne wambebe mama yule kwa machela hata zahanati. Alifika salama, lakini dereva hakulala usiku ule.

Fundi mzee alipofungua injini alimwambia, "Mwanangu, umenyamazisha shahidi."

Maana yake ni nini? Injini ile ina silinda nne, na kila silinda ina valvu mbili, ambazo wengi wetu huziita supapu: moja huingiza hewa na petroli, nyingine hutoa moshi. Shafti yenye vinundu huzunguka. Kinundu huinua tapeti, tapeti husukuma kijiti, kijiti huinua roka, na roka hubonyeza valvu ifunguke. Kisha springi huirudisha valvu kitini pake.

Chuma kikipata moto hurefuka. Kwa hiyo kati ya roka na valvu lazima pawe na nafasi ndogo. Katika injini hii ni milimeta 0.25. Nafasi ikizidi, injini hugonga, valvu hufunguka kidogo tu, na nguvu hupungua. Nafasi ikikosekana, valvu haifungi sawasawa. Mgandamizo huvuja, na valvu ya moshi, ambayo hupoa kwa kugusa kiti chake, huungua ukingoni. Wala haipigi kelele.

Namna ya kurekebisha ni hii. Hesabu valvu toka mbele, 1 hata 8. Zungusha injini mpaka valvu ya 8 ifunguke kabisa, ndipo upime ya 1. Ya 6 ikifunguka, pima ya 3. Daima jumla ni 9. Legeza nati, ingiza bamba la kipimo, geuza skrubu mpaka bamba lipite kwa kukwama kidogo. Shika skrubu kwa bisibisi huku ukikaza nati, kisha upime tena, kwani kukaza huweza kubadili kipimo.

Kazi hii yataka saa moja na subira. Anayeipuuza huwatwisha wengine mzigo wake mlimani. Wazee walisema kweli: kimya kingi kina mshindo mkuu.