Paka Mwenye Kisukari na Tezi Inayoshindana na Insulini

Katika nyanda za juu za Umatengo, wilayani Mbinga, paka si pambo la nyumba. Katika vijiji kama Mapera, ambako mahindi na maharage huwekwa ghalani baada ya mavuno, paka ni mlinzi asiyedai mshahara, na adui wake ni panya. Chini, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, wenzake hujipatia riziki kwa vichwa vya samaki na kwa usipa wanaoanikwa juani. Paka wa namna hiyo, anayewinda usiku na kula nyama au samaki, ni nadra kunenepa. Na paka mwembamba mwenye kujishughulisha hana hatari kubwa ya kupatwa na ugonjwa wa kisukari. Hata hivyo, ugonjwa huo upo miongoni mwa paka, na huwapata zaidi wale wanene, wazee, madume waliohasiwa, na wale wanaoshinda ndani ya nyumba wakilala na kulishwa.

Paka wengi wenye kisukari hupata nafuu wakichomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Lakini wako ambao kipimo chao huongezwa wiki hata wiki, na sukari isishuke. Mfugaji hujilaumu, na daktari hudhani kwamba sindano haikuchomwa sawasawa. Kumbe mara nyingine chanzo cha taabu hiyo kimo ndani ya kichwa cha mnyama, katika tezi iliyo ndogo kama punje ya choroko.

SUKARI MWILINI NA MFANO WA NGOLO

Mmatengo anayelima mlimani huchimba mashimo yaitwayo ngolo. Mvua kubwa inaponyesha, maji hayaporomoki yote kwa mara moja na kuondoka na udongo. Huingia mashimoni, yakatulia, kisha yakanywea ardhini polepole. Mwili nao una utaratibu unaofanana na huo. Baada ya chakula, sukari iitwayo glukosi huingia katika damu kwa wingi. Kongosho hutambua ongezeko hilo na kutoa homoni ya insulini. Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi na kupelekwa na damu ili ikatoe amri mahali pengine mwilini. Amri ya insulini ni kwamba misuli na mafuta yaipokee glukosi, na ini liiweke akiba.

Insulini ikikosekana, au amri yake isipotiiwa, sukari hubaki ndani ya damu. Katika paka mwenye afya, damu huwa na glukosi kiasi cha milimoli 4 hadi 8 kwa kila lita. Ikizidi milimoli 15 hivi, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo huanza kutoka kwa mkojo. Sukari hiyo huvuta maji. Kwa hiyo paka hukojoa sana, na kwa kuwa amepoteza maji hunywa sana. Wakati huo huo seli zake zina njaa katikati ya shibe, hivyo hula sana na bado akakonda. Wengine hudhoofika mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma, wakawa wanakanyaga kwa kisigino badala ya kutembea kwa ncha za vidole kama ilivyo desturi ya paka.

PAKA SI MTU MDOGO

Kisukari cha paka kinafanana na kile cha watu wazima kwa mambo mengi, lakini paka ana maumbile yake. Yeye ni mla nyama kamili. Ini lake lina upungufu wa kimeng'enya kinachowasaidia watu na mbwa kuishughulikia glukosi nyingi inayoingia kwa ghafla. Hata utamu haujui: mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kwamba jeni mojawapo inayohitajika ili ulimi uonje sukari imeharibika katika jamii yote ya paka. Kwa sababu hiyo, paka mgonjwa hafai kushibishwa ugali na uji. Usipa mkavu usiotiwa chumvi, ambao una protini nyingi na karibu hauna wanga, unamfaa zaidi kuliko makombo ya mezani.

Jambo la pili ni woga. Paka aliyeshikwa kwa nguvu na kutiwa kapuni huweza kupandisha sukari kwa hofu tu, hata akaonekana mgonjwa ilhali ni mzima. Kwa hiyo kipimo kimoja cha damu hakitoshi. Hapana budi kutazama dalili za siku nyingi, kupima mkojo, na inapowezekana kupima fruktosamini, ambayo huonyesha wastani wa sukari wa wiki kadhaa zilizopita.

TEZI ILIYO CHINI YA UBONGO

Mwaka 1889 huko Strasbourg, Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimwondolea mbwa kongosho, naye akapatwa na kisukari. Tangu hapo ilijulikana kwamba kongosho ndilo mlinzi wa sukari. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, mjini Toronto, walifaulu kuitoa insulini katika kongosho la mbwa, na Januari 1922 mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu akachomwa dawa hiyo.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1930 Bernardo Houssay wa Argentina na mwenzake Alfredo Biasotti walionyesha kwamba mbwa asiye na kongosho, akiondolewa pia tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, kisukari chake huwa chepesi zaidi. Maana yake ni kwamba pituitari hutoa kitu kinachoipinga insulini. Mwaka 1937 Frank Young, huko Uingereza, alithibitisha upande wa pili wa hoja: alipowachoma mbwa wazima maji yaliyokamuliwa kutoka pituitari, walipata kisukari cha kudumu. Houssay alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Kitu hicho kinachopinga, kwa sehemu kubwa, ni homoni ya ukuaji. Katika mnyama mchanga homoni hii ni neema, kwa kuwa hurefusha mifupa na kujenga misuli. Lakini katika baadhi ya paka wa makamo na wazee, hasa madume, huota uvimbe mdogo katika pituitari, nao huimwaga homoni hiyo mchana na usiku bila kipimo. Homoni huzifanya seli zisiitii insulini. Kongosho hujitahidi kutoa nyingine zaidi, mpaka linachoka. Ndipo kisukari kinapozuka. Hali hiyo huitwa akromegali, jina alilolitoa daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886 alipoeleza habari za watu waliokua mikono, miguu na taya kupita kiasi.

Zamani ilidhaniwa kwamba akromegali ya paka ni kioja cha vitabuni. Mwaka 2015 wachunguzi wa Royal Veterinary College ya London walitangaza matokeo ya kupima damu ya paka 1,221 wenye kisukari nchini Uingereza. Yapata robo yao walikuwa na kiwango cha juu cha IGF-1, homoni ambayo ini huitoa kwa amri ya homoni ya ukuaji. Wengi hawakuwa wameshukiwa, kwa sababu sura zao zilikuwa za paka wa kawaida.

DALILI ZA KUTILIA MAANANI

Dalili iliyo kuu inapingana na matazamio. Paka mwenye kisukari kisichotulia hukonda. Huyu wa akromegali mara nyingi huongezeka uzito ingawa sukari yake iko juu. Baadaye huenda kichwa kikapanuka, taya la chini likatokeza, nyayo zikawa kubwa, na akakoroma alalapo. Moyo na figo navyo huweza kutanuka. Dalili nyingine ni kipimo cha insulini chenyewe. Inapozidi yuniti 1.5 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito katika sindano moja, pasipo mafanikio, ni haki kuuliza kama kuna kitu kinachoipinga. Kwa paka wa kilo 4, hizo ni yuniti 6 hadi 8, ambapo paka wengi huanzishiwa yuniti 1 tu.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila sindano isiyofaulu ni akromegali. Kwanza ichunguzwe kama insulini imeharibika kwa joto, au sindano haifiki chini ya ngozi. Pili, kama kuna meno yaliyooza, au uambukizo wa njia ya mkojo. Tatu, kama paka amepewa dawa za jamii ya kotisoni, au homoni za kuzuia uzazi, kwani zote hupandisha sukari. Nne, upo ugonjwa mwingine wa homoni, uitwao ugonjwa wa Cushing, ambapo mwili hutoa kotisoli kupita kiasi. Ngozi ya paka huyo huwa nyepesi hata ikachanika kwa kushikwa tu. Kipimo cha IGF-1 nacho kifanywe baada ya wiki kadhaa za matibabu, kwa kuwa ini lisilopata insulini haliwezi kutoa IGF-1 ya kutosha, na majibu ya mapema huweza kudanganya.

MATIBABU NA HATARI ZAKE

Tiba inayong'oa mzizi ni kuuondoa uvimbe. Katika vituo vichache sana duniani, madaktari hupasua kupitia paa la kinywa na kuiondoa pituitari yote. Wako paka wanaokufa katika upasuaji huo au siku chache baadaye. Lakini miongoni mwa wanaosalimika, wengi huacha insulini kabisa. Badala yake hupewa maisha yao yote homoni ambazo pituitari ilikuwa ikizisimamia. Njia nyingine ni mionzi, na dawa za kuzuia utoaji wa homoni, ambazo ni ghali.

Pale ambapo hayo yote hayapatikani, linabaki jambo moja: kuishi na ugonjwa kwa busara. Lengo si kuifikisha sukari kwenye kiwango cha mnyama mzima, bali kupunguza kiu, mkojo na udhaifu. Ni hatari kuongeza kipimo kwa hasira. Nguvu ya uvimbe hupanda na kushuka; siku unapotulia, insulini nyingi iliyochomwa hubaki bila mpinzani na sukari huporomoka. Paka hulegea, hutetemeka, huyumba, na mwisho hupata degedege. Huduma ya kwanza ni kumpaka asali au maji ya sukari kwenye ufizi, kisha kumpeleka kwa daktari wa mifugo bila kukawia.

Kuna na hatari ya hesabu. Baadhi ya insulini za wanyama zina yuniti 40 katika kila mililita, na za watu zina yuniti 100. Kila aina ina bomba lake la sindano. Anayevuta insulini ya yuniti 100 kwa bomba la yuniti 40 humpa mnyama mara 2.5 ya kipimo alichokusudia. Kosa hilo moja laweza kuua.

INSULINI MAHALI PASIPO NA JOKOFU

Chupa za insulini zisizofunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Sentigredi. Iliyogandishwa isitumike tena. Chupa inayotumika, kwa aina nyingi, yaweza kukaa kiasi cha wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 25 au 30, kama maandishi ya mtengenezaji yanavyoagiza. Katika baridi ya Mapera sharti hilo si gumu mno. Mambo ni mengine Mbamba Bay, kwani Ziwa Nyasa liko kiasi cha meta 475 tu juu ya usawa wa bahari, na joto la mwambao ni kali. Hapo chungu cha udongo husaidia. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, mchanga uliolowanishwa ukajazwa katikati, na kitambaa kibichi kikafunika juu. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto na kuondoka nalo. Hewa ikiwa kavu chungu hupoza vizuri. Ikiwa na unyevu mwingi, nguvu yake hupungua.

INSULINI YA NANI?

Swali hili haliwezi kukwepwa. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1989, Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao wa Dar es Salaam walipima watu katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na kukuta kwamba wenye kisukari hawakufika mtu 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta yapata watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na sukari ya juu. Kwa mtoto ambaye kongosho lake limeacha kabisa kutoa insulini, chupa moja ni uhai wa majuma machache. Hivyo dawa iliyotolewa na hospitali kwa ajili ya mgonjwa isichovywe kwa ajili ya paka, wala bomba la sindano lisitumiwe na wote wawili. Insulini ya mnyama inunuliwe mbali, kwa cheti cha daktari wa mifugo. Familia isipoweza, na mnyama akawa anateseka, kumwomba daktari ampumzishe pasipo maumivu si ukatili. Ukatili ni kumwacha afe kwa kiu kando ya mtungi.

Pamoja na hayo, paka huyu si mzigo mtupu kwa elimu. Watu nao hupata akromegali, na wengi hutibiwa kisukari miaka mingi kabla ya tezi kushukiwa. Anayejifunza kuuliza kwa nini dawa njema haifanyi kazi katika paka, atajua kuuliza swali hilo hilo mbele ya mgonjwa.

KAZI YA DARASA

1. Tengenezeni chungu cha kupozea kama kilivyoelezwa. Pimeni joto la ndani na la nje kila saa, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri, kwa siku tano. Choreni mchoro wa mistari na mweleze kwa nini siku ya ukungu matokeo hubadilika.

2. Paka wa kilo 5 anachomwa yuniti 9 asubuhi na yuniti 9 jioni, na sukari yake haishuki. Tafuteni yuniti kwa kilo katika kila sindano. Je, amefikia kiwango cha kushukiwa? Tajeni mambo manne yatakayochunguzwa kabla ya kuilaumu pituitari.

3. Katika majaribio ya Houssay na ya Young, mmoja aliondoa tezi na mwingine aliongeza maji ya tezi. Elezeni kwa nini sayansi ilihitaji majaribio yote mawili.