Kuacha Sigara Kwenye Mtaa Unaouza Moja Moja

Kwenye dirisha la duka la mtaani, pembeni ya kopo la pipi, pakiti ya sigara huwa wazi tangu asubuhi. Mteja anaweka sarafu, anasema "nipe moja", na muuzaji anaichomoa kwa ukucha wa kidole gumba bila kuinua macho kutoka kwenye daftari la madeni. Kiberiti cha gesi kimefungwa kwa uzi kwenye nondo ya dirisha ili kisiondoke na mtu. Mteja anainama, anawasha, anapiga pafu la kwanza na kwenda zake. Nyumbani hana pakiti, mfukoni hana hata kiberiti. Ukimuuliza kama ni mvutaji, huenda akakujibu kwamba anavuta kidogo kidogo tu.

Ushauri mwingi wa kuacha sigara haukuandikwa kwa ajili ya mtu huyu. Humwambia mvutaji atupe pakiti zilizobaki, afiche visahani vya majivu, afue mapazia na kusafisha gari. Ni ushauri mzuri kwa mwenye pakiti, mapazia na gari. Lakini kijana wa bodaboda wa Mbagala au mbeba mizigo wa Kariakoo ameweka sigara zake mtaani, kwa muuzaji anayemjua kwa jina, na duka linafungwa usiku wa manane. Akipita kesho bila kununua ataulizwa, "Vipi kaka, leo huchukui?" Anapoacha sigara inambidi aache na njia anayopita, saa anayosimama na watu anaosimama nao. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na wanakwama wakiwa peke yao.

Tuanze na mwili, kwa sababu ndio unaoanza kulalamika. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde kumi hivi baada ya kuvuta, na kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Mvutaji wa kila siku akiacha, arosto humkamata siku hiyo hiyo: hasira zisizo na sababu, kichwa kuuma, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, usingizi wa kukatika katika, njaa ya kila saa, choo kigumu. Makali yake huwa makubwa zaidi katika siku tatu za mwanzo, kisha hupungua taratibu katika wiki tatu au nne zinazofuata. Kila mwenye nia ya kuacha anatakiwa aelezwe jambo moja mapema: hamu yenyewe haikai. Inakuja kwa nguvu, inadumu dakika chache, kwa kawaida hazifiki kumi, halafu inapita, uvute usivute. Aliye katikati yake huamini itazidi kupanda mpaka imshinde. Karafuu mdomoni, kipande cha tangawizi, karanga, jojo, glasi ya maji, au kutembea hadi mwisho wa mtaa na kurudi, vyote kazi yake ni kumvusha dakika hizo.

Kinachowatisha zaidi ni kikohozi. Mtu ameacha sigara akitegemea kifua kitatulia, badala yake anaanza kukohoa na kutoa makohozi kuliko zamani. Jirani anamwambia mwili umeizoea, arudi tu. Ukweli ni kwamba ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kusukuma uchafu nje. Moshi ulikuwa umevilemaza, na sasa vimeamka. Kikohozi hicho hupita chenyewe. Ila kwa nchi zetu ni lazima niongeze tahadhari. Kuvuta sigara huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu, na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au chenye damu, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, ni cha kupelekwa kituo cha afya kikapimwe. Kisisingiziwe sigara, wala kuacha sigara.

Halafu kuna kahawa, na hapa nataka tukae kidogo, maana ni jambo ambalo karibu hakuna mtu anayelisema. Kwenye baraza za Pwani, kuanzia Jaws Corner pale Mji Mkongwe, Zanzibar, hadi vijiwe vya Magomeni na Kisauni, kahawa chungu, dhumna, siasa na sigara vimekaa pamoja miaka mingi. Anayeacha sigara hubaki na kahawa, na mara nyingi huiongeza ili mkono na mdomo vipate kazi. Siku ya pili mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usiku macho makavu. Anajiambia sigara inamdai. Kumbe anayemdai ni kahawa. Moshi wa tumbaku huchochea vimeng'enya vya ini vinavyoondoa kafeini mwilini, hata mvutaji huiondoa kwa kasi inayokaribia mara mbili ya asiyevuta. Moshi ukikoma, kasi hiyo hushuka ndani ya siku chache, na vikombe vilevile alivyozoea sasa vinakaa katika damu kwa muda mrefu zaidi. Hata anayetumia plasta ya nikotini hili linamhusu, kwa kuwa anayefanya kazi hiyo ni moshi na nikotini haihusiki. Tiba yake haina gharama: kata kahawa na chai ya rangi kwa nusu katika wiki za mwanzo, na usiziguse baada ya alasiri. Inaniuma kufikiria ni wangapi wamerudi kwenye sigara wakiamini miili yao haiwezi kuishi bila hiyo, na tatizo lilikuwa kwenye kikombe.

Wengine hurudi kwa sababu ya mawazo. "Sigara inanipunguzia mawazo" ni sentensi ya kila kijiwe, na anayeisema hadanganyi, kwa sababu anausikia utulivu kweli. Lakini sehemu kubwa ya utulivu huo ni arosto ya sigara iliyotangulia kutulizwa na sigara inayofuata. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha mapitio ya tafiti nyingi yaliyoonyesha kwamba walioacha, wiki kadhaa baadaye, walikuwa na wasiwasi na msongo mdogo kuliko walioendelea kuvuta. Kodi ya nyumba itabaki palepale na bosi atabaki yuleyule. Kinachoondoka ni lile deni la kila saa.

Ushahidi kwamba watu wetu wanaweza kuacha tunao kila mwaka. Sigara hubatilisha saumu, na katika Ramadhani mvutaji anayefunga hukaa bila pafu tangu alfajiri hadi magharibi, zaidi ya saa 13, mwezi mzima, huku akibeba mizigo au kuendesha gari kwenye jua. Anaweza kwa sababu mtaa mzima uko naye. Baraza halina kahawa mchana, wenzake hawavuti, hakuna anayemwashia, na akionekana anavuta ataulizwa. Ikiadhiniwa magharibi anachukua tende, maji, na wengine sigara kabla hata ya uji. Ni huzuni, kwa sababu kazi ngumu ya siku imeshafanyika na zimebaki saa chache tu kabla ya kulala. Ningetamani hotuba za Ijumaa za mwisho wa Shaabani zilitaje jambo hili kwa uwazi, na mapadri na wachungaji walitaje kabla ya Kwaresima. Kipindi ambacho jamii nzima imekubali kujizuia ndicho kipindi kizuri cha kuacha.

Yapo mabadiliko mengine ambayo ni mepesi kuyabeba. Ladha na harufu huanza kurudi mapema, na pilau la jirani husikika kutoka uchochoroni. Uzito huongezeka, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na kwa wengi wetu hilo litapokelewa kwa maneno "umependeza". Anayehofia kunenepa apunguze soda na maandazi. Kuhamia kwenye ugoro au shisha, hata hivyo, hakuhesabiki kuwa ni kuacha. Ni tumbaku ileile.

Nia peke yake haitoshi, na ni makosa kumhubiria mtu nia tu kisha kumcheka anapoanguka. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, ni 3 hadi 5 tu ambao huwa hawajarudi baada ya miezi 6 hadi 12. Ushauri wa mtaalamu pamoja na dawa huongeza nafasi hiyo zaidi ya maradufu. Plasta na jojo za nikotini ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, na mwaka 2021 zikaongezwa dawa za vidonge za bupropion na varenicline. Lakini zunguka maduka ya dawa ya mtaani ukaulizie plasta hiyo. Ni adimu, na ikipatikana bei yake ni ya kumrudisha mtu nyumbani mikono mitupu. Sigara iko kila dirisha, kwa bei ya sarafu. Naona hii ni aibu kwa wanaopanga bajeti zetu za afya.

Sheria ingeweza kusaidia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inataka sigara ziuzwe katika pakiti yenye angalau sigara 10. Ya Uganda ya mwaka 2015 nayo inakataza kuuza moja moja. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi katika ibara ya 16 zijitahidi kupiga marufuku biashara hiyo. Pamoja na yote hayo, Nairobi na Kampala pakiti bado zinafunguliwa mchana kweupe, na Dar es Salaam hakuna anayeshtuka. Najua mkulima wa Urambo au Kaliua atasoma haya kwa wasiwasi, maana tumbaku imemsomeshea watoto, na simlaumu hata kidogo. Lakini sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania huuzwa nje. Kumzuia muuza duka kufungua pakiti hakutalifunga shamba la Tabora, na kutamwondolea kijana wa miaka 15 sigara yake ya kwanza ya bei ya pipi.

Wakati tunaisubiri serikali, mtaa una uwezo wake. Mke au mume asimwite mwenzake msaliti kwa sigara moja aliyoteleza, maana wengi walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja. Kijiwe kimwache mwenzao akae upande usio na moshi. Mwenye duka, kama umeambiwa fulani anaacha, usimuulize leo huchukui. Anayetaka mtu wa kuzungumza naye, Kenya kuna namba ya bure 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na Tanzania kuna namba 199 ya Wizara ya Afya.

Namalizia na anayedhani amechelewa. Daktari Mwingereza Richard Doll, alipoanza na Austin Bradford Hill kuwahoji wagonjwa wa saratani ya mapafu katika hospitali za London, alikuwa mvutaji, na alidhani chanzo kingekuwa lami ya barabara au moshi wa magari. Majibu yalipozidi kujikusanya aliacha kuvuta, kabla hata utafiti haujachapishwa mwaka 1950. Mwaka uliofuata walianza kuwafuatilia maelfu ya madaktari wa Uingereza, na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka 50. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kwamba walioendelea kuvuta walikufa, kwa wastani, miaka 10 mapema. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alijirudishia miaka 3, mwenye 50 miaka 6, mwenye 40 miaka 9, na mwenye 30 karibu yote 10. Doll alifariki mwaka 2005 akiwa na miaka 92. Weka umri wako kwenye hesabu hiyo, chagua siku ndani ya wiki hii, kisha mpigie mwenzako mmoja wa kijiweni umwambie kuanzia siku hiyo asikuwashie.