Sindano ya Kabureta katika Injini ya Ndege ya Mfano

Leo twataka kueleza habari za injini ndogo iendeshayo ndege ya mfano. Nyingi huharibika si kwa ubovu wake, bali kwa mkono wa mtu asiyejua kiasi.

Mwaka 1947 Ray Arden wa Marekani alianza kuuza plagi yenye uzi mwembamba wa madini. Uzi huo hutiwa moto kwa betri wakati wa kuwasha tu. Kisha betri huondolewa, na moto wa injini yenyewe huuweka uzi katika wekundu wake. Injini hii hainywi petroli, hunywa spiriti ya methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, mara nyingi ya mbarika. Basi ukiipunguzia spiriti, umeipunguzia na mafuta. Itapata moto mno, na pistoni itakwaruzika.

Kinywaji hicho hupimwa na sindano iliyo katika kabureta. Ukiifunga, spiriti hupungua, ukiifungua, huzidi. Ni mfano wa utambi wa taa: ukipandishwa mno hutoa moshi, ukishushwa mno mwanga hufifia.

Twaanza kwa kuifungua sindano kadiri alivyoagiza mtengenezaji, kisha twawasha injini na kuiacha ipate moto. Injini iliyoshiba mno hutoa moshi mwingi na sauti nzito yenye kukatika-katika. Ikienda kwa nguvu zote, twaifunga sindano kidogo kidogo, tukingoja kila mara, mpaka sauti iwe moja, kali na nyembamba. Tusiiache hapo, twaifungua tena kidogo, hata mwendo upungue kwa kiasi cha kusikika tu.

Kisha twaishika ndege imara na kuielekeza pua yake juu, kwa maana huko angani itapanda, na spiriti itapanda kwa shida kutoka tangini. Sauti ikififia, injini ina njaa. Na tuifungue sindano zaidi kabla ya kuirusha.

Neno la mwisho, nalo ni kubwa kuliko yote: rafadha izungukapo haionekani, lakini hukata kidole. Mtu asisimame mbele yake wala ubavuni, na mkono uifikie sindano kwa kupita nyuma ya rafadha.